Mpaka Mtoto Atembee

Kwa mwaka mzima na miezi juu yake, sanduku langu la bati lilikuwa na kaunta buku nne ambazo si zangu. Chini yake kulikuwa na hati ya kiwanja, juu yake koti nililoolea, katikati yakakaa maneno ya mtu mwingine. Mwenyewe alinikabidhi kwa mkono wake, mwenyewe akaja kuzidai, nikamnyima. Nilifanya vizuri au nilifanya vibaya, mpaka leo sijui. Na mimi si mtu wa kutojua mambo yangu.

Tulimwita Mwalimu, basi. Alizaliwa wapi, ukoo gani, sikumuuliza. Mpangaji haulizwi babu yake nani, anaulizwa kama ana redio kubwa.

Mimi nina mashine ya kusaga hapa Mshangano, na nyuma yake vyumba viwili vya kupangisha. Shule niliishia darasa la tatu. Nilibeba mizigo stendi, nikachoma matofali, nikanunua mota iliyokufa, nikaifufua. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo kwenye mashine yangu nasema mimi, na sheria yangu moja kila mtu anaijua: haiwashwi mpaka yafike madebe matatu. Ukija na debe moja, kaa kwenye benchi usubiri wenzako. Mashine ikizunguka tupu, nyundo zinajila zenyewe na umeme unakwenda bure. Padri aliwahi kusubiri kwenye benchi lile. Mke wa diwani alisubiri, akanuna, akasubiri.

Siku Mwalimu alipokuja kuona chumba, tumbo lilikuwa la miezi sita au saba. Wapangaji wote huuliza maji na choo. Yeye alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pande zote mbili kama anapima nguo, akasema, "Babu, meza itakaa?"

"Meza ya chakula?"

"Ya kuandikia."

"Madaftari ya wanafunzi si unasahihishia shuleni?"

"Hayo ni ya kazi. Mimi natunga kitabu."

Nikatazama tumbo, nikatazama chumba. Nikamwambia hapo patakaa kitanda cha mtoto. Akacheka, akasema mtoto atalala na yeye, ila meza haiwezi kulala na mtu. Nikampa chumba. Kwa nini nilimpa sijui, maana jibu lile halikunipendeza.

Meza ilitoka kwa fundi wa Majengo, ikaja juu ya bodaboda, miguu imeelekea mbinguni. Akaisogeza dirishani. Halafu akabandika ukutani karatasi yenye ratiba ya likizo yake ya uzazi. Mke wangu, ambaye watu wote wanamwita Bibi, aliingia kumpelekea togwa akanitolea habari. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi mtoto ameshiba, amelala, mama anaandika. Saa nne mtoto ananyonya. Saa nne na nusu mtoto analala tena, mama anaandika. Mpaka jioni hivyo hivyo. Likizo ikiisha, kitabu kimeisha.

Bibi amezaa saba. Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mwanangu," akamwambia, "na mtoto mwenyewe ameshapewa nakala ya hii?"

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti. Ile karatasi nilikuja kuiona miezi kadhaa baadaye, imekunjwa, imetiwa chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Nikisema alikuwa mtu mmoja nitakuwa nadanganya. Shuleni alikuwa mkali. Mama mmoja alikuja kusaga, akaanza kulalamika: binti yake amenyang'anywa kitabu cha hadithi katikati ya kipindi, na ameambiwa asikilete tena darasani. Wakati anayasema hayo, Mwalimu amekaa mwisho wa benchi, mtoto kifuani ananyonya, kitabu mkononi anasoma. Yule mama akatazama jalada.

"Mwalimu, hicho si ndicho cha mwanangu?"

"Ndicho," Mwalimu akasema, bila kuinua uso. "Kesho nitamrudishia. Nimebakiza kurasa kumi."

Watu wote wa foleni wakaangua kicheko, na yule mama naye akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiri. Mtoto wa mtu anakatazwa jambo na mtu anayelifanya hapo hapo. Nilipomuuliza, akasema binti yule alikuwa anasoma kipindi cha hesabu, yeye anasoma kipindi cha kunyonyesha, ni vipindi viwili tofauti.

Mikono yake ilikuwa na wino pale ambapo mikono ya wanawake wengine ina masizi. Maharage aliyaunguza mpaka Bibi akayatambua kwa harufu. "Mwalimu yuko kwenye daftari," husema, kisha anaenda kuepua mwenyewe. Akinyonyesha aliandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja. Mtoto akilala, anayahamishia kwenye kaunta buku kwa kalamu. Nikamwambia huko ni kupanda shamba mara mbili. Akasema mara ya kwanza anayakamata yasikimbie, mara ya pili anayafunga kamba. Maneno yana miguu? Alikuwa na misemo ya namna hiyo. Nyingine ilikuwa hii: "Mtoto wangu analia kwa sauti, Babu. Hawa wengine wananilia kimya." Hawa wengine ni watu wa kwenye madaftari.

Na maswali yake. Mtu anakuja na debe la mahindi kichwani, mtoto mgongoni, badala ya kusema shikamoo nisagie dona, anasema, "Shikamoo Babu. Mtu akihama nyumba yake asitake kurudi tena, anachukua nini kwanza?"

"Marahaba. Anahama kwa nini?"

"Amegombana na ndugu zake."

"Sufuria," nikamwambia. "Nguo atavaa zile zile. Bila sufuria anakuwa ombaomba siku ile ile." Nilijua ninachosema. Mimi mwenyewe nilitoka kwetu na sufuria.

Akatua debe chini, akatoa kalamu kwenye nywele, akaandika kiganjani.

Sasa nieleze ule msiba, maana watu wa huku bado wanauzungumza.

Mtoto alikuwa na miezi miwili. Asubuhi moja Bibi anapita uani, anasikia Mwalimu analia. Si kilio cha uchovu, kilio cha msiba hasa. Akafungua mlango. Mtoto amelala, mzima. Mwalimu yuko mezani, machozi yanadondokea daftari.

"Mwanangu, amekufa nani?"

"Mama yake," Mwalimu akasema, akazidi kulia.

Bibi hakungoja kuuliza mama wa nani. Alielewa mama wa mumewe, maana mumewe alikuwa Tunduru kwenye kazi ya korosho na mama mkwe alikuwa anaumwa miguu. Akafunga khanga kiunoni, akatoka, akamwambia jirani wa kwanza. Huku kwetu jirani wa kwanza anatosha. Nusu saa haikupita, wanawake walikuwa wameshatandika mikeka uani kwangu, kuni zimefika, mmoja ameleta sembe, mmoja ameleta dagaa wa Nyasa. Nikafunga mashine. Mimi nafunga mashine kwa msiba na kwa Pasaka tu.

Mwalimu akatoka na mtoto begani. Akawakuta wanawake ishirini wameinamisha vichwa. Akaniangalia mimi. Nikamsogelea kama mwenye nyumba, nikamuuliza polepole, "Pole sana. Mazishi ni wapi?"

"Babu," akasema, "bado sijaamua."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Ikabidi anivute pembeni aniambie: aliyekufa ni mama wa yule mwanamume wa sufuria. Wa kwenye daftari. Amemuua yeye mwenyewe asubuhi ile, kwenye ukurasa, na hakutegemea kifo hicho kingemuuma vile.

Sasa ningewaambia nini wale wanawake? Nilirudi kwenye mikeka, nikasema marehemu ni mtu wa mbali, Mwalimu anashukuru. Wakala, wakamfariji, wakamshika mtoto kwa zamu. Mwalimu akaenda kulala saa tatu mfululizo, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu azae. Bibi alipojua ukweli jioni ile alikasirika, halafu akasema, "Lakini amelala." Kuna jirani aliyelia kuliko wote. Yeye hatukumwambia kamwe.

Mumewe alikuwa kijana mpole, anakuja mwisho wa mwezi na korosho kwenye mfuko wa nailoni. Aliwahi kuniuliza, tumekaa kwenye benchi, "Mzee, mke wangu ni mzima?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe unamwona kila siku."

"Namwona. Anaosha nepi anaongea peke yake. Mtoto hana kidonda, hana njaa. Daftari ya tatu imejaa. Huo kama ni ugonjwa, sijui dawa yake inauzwa wapi."

Akatikisa kichwa, akamenya korosho. Alikuwa anampenda, hilo nililiona. Kumwelewa ndiko kulikomshinda, na hapo tulikuwa wawili.

Likizo iliisha, kitabu hakikuisha. Akarudi kufundisha, mtoto anashinda na Bibi. Saa kumi akitoka shule, mtoto analia mpaka jua lizame. Walimpeleka dispensari, akaonekana mzima. Ni mtoto wa kulialia tu. Alitulia siku moja, na dawa yake ikawa mimi. Mwalimu alikuja kusaga, mtoto mgongoni anapiga kelele mpaka foleni nzima imeziba masikio. Madebe matatu yakatimia, nikawasha. Mota ikanguruma, mkanda ukashika, mtoto akanyamaza. Akafumba macho pale pale. Nilipozima, akafumbua, akalia. Nikawasha kwa debe la pili, akalala.

"Mzee wa Mashine, umepata kazi nyingine ya ulezi!" mteja mmoja akasema.

Kuanzia hapo, kila siku ya shule saa kumi, Mwalimu yuko kwenye mashine. Bibi alitandika magunia matupu nyuma ya mizani, mtoto akalazwa hapo. Mwalimu anakaa kwenye kiroba, daftari juu ya goti, anaandika. Unga unamshukia kwenye nywele mpaka anafanana na bibi kizee. Wateja wakambatiza mtoto jina la Bosi. "Bosi kalala? Basi saga taratibu." "Bosi kaamka, ongezeni mahindi!" Kuna wanawake waliokuja na debe saa kumi kwa makusudi, debe ambalo lingeweza kusubiri kesho, ili mashine isizime. Sikuwaambia wafanye hivyo. Wao wenyewe hawakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa madaftari yale.

Lakini siku ambazo madebe hayakutimia, sikuwasha. Mwalimu aliniangalia mara moja tu, mtoto analia, daftari imefunguliwa, debe moja liko kwenye foleni. Nikamwambia sheria ni sheria hata kwa Bosi. Akafunga daftari. Hakuomba. Alikuwa na kiburi kama changu, na labda ndiyo sababu nilimheshimu bila kumwelewa.

Mtoto akaanza kutambaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Pembeni ya mashine kuna chumba kidogo cha pumba, wakati ule hakikuwa na mlango, na pumba hujaa mpaka kiunoni kwa mtu mzima. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, mimi niko kwenye mota, sioni nyuma. Nikasikia Bibi anapiga yowe kushinda mashine. Nikazima. Bibi anatoka kwenye pumba amemshika mtoto, uso wote umekuwa vumbi, macho hayaonekani, mdomo umejaa. Tukamgeuza kichwa chini, Bibi akamtia kidole mdomoni, akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kukifurahia kilio chake kama siku ile. Bodaboda ikawakimbiza dispensari. Wakamsafisha, wakamkalisha mpaka jioni, wakasema mapafu yako salama.

Waliporudi Mwalimu hakuingia chumbani. Alikuja barazani kwetu, akasimama mbele yangu.

"Nilimwona, Babu."

"Ulimwona nani?"

"Mtoto. Nilimwona anatambaa kwenda kule. Nikasema namaliza sentensi hii, ndiyo niinuke."

Bibi akaangalia chini. Mimi ninayo maneno mengi ya kukemea watu, lakini nilitazama mkono wangu wenye vidole vinne. Nimewahi kuacha kidole changu kwenye mkanda kwa sababu nilikuwa nahesabu madebe ya watu. Kidole ni changu. Mtoto ni kitu kingine.

Akaenda chumbani, akarudi na zile kaunta buku nne zimefungwa kwa kitambaa cha khanga, zile zile za siku zote. Akaziweka magotini pangu.

"Zifungie kwenye sanduku lako. Usinipe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atembee. Akiweza kutembea atakuja mwenyewe kunivuta nguo. Hata nikikulilia, Babu, usinipe. Niapie."

Nikaapa. Mimi nikiapa, nimeapa. Nikazifungia, funguo nikaitia mfukoni.

Wiki mbili zikapita. Mwalimu akawa mama kama mama wengine. Maharage hayakuungua. Mtoto alikuwa safi, anabebwa, anaimbiwa. Bibi alisema afadhali. Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Alikuwa anaweka chumvi kwenye uji halafu anasimama, kijiko mkononi, kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Mtoto anacheka, yeye anachelewa kucheka. Siku ya kumi na tano akaja barazani.

"Babu, nipe daftari ya nne tu."

"Mtoto anatembea?"

"Ana miezi minane. Kuna jambo nimelikumbuka, nikilala na nikiamka liko hapo hapo. Nipe niandike ukurasa mmoja."

"Uliniapisha."

"Nakufungua kiapo. Aliyekuapisha ni mimi, anayekufungua ni mimi."

"Uliniambia hata ukinililia."

"Sikujua ninachosema siku ile!"

"Na leo unajua?"

Akalia. Akaniita mzee mwenye roho ya chuma, akasema nawaonea watu kwa mashine yangu na sasa namwonea yeye kwa sanduku. Bibi akasema, "Mpe mwenzio madaftari yake." Nikakataa. Hebu nawe niambie. Mtu mmoja amekupa amri mbili. Ya kwanza ameitoa mtoto akiwa na pumba puani, ya pili ameitoa mtoto akiwa mzima. Utashika ipi? Mimi nilishika ya kwanza, kwa kuwa alijua atakuja na ya pili. Lakini kuna wakati nakaa kwenye benchi nawaza: huenda ya pili ndiyo aliyoisema akiwa na akili zake.

Baadaye mwaka ule akapata uhamisho wa kumfuata mume, Tunduru. Gari likaja kuchukua vitu. Meza ikapanda, miguu juu, kama ilivyokuja. Mtoto alikuwa anasimama kwa kushika vitu, hatua hajapiga. Mwalimu akaniaga kwa heshima zote, shikamoo yake ikiwa baridi. Funguo ya sanduku ilikuwa mkononi mwangu, mkono uko mfukoni. Angeuliza, ningetoa. Hakuuliza. Mimi nami sikusema. Gari likaondoka, nikabaki nimeishika funguo mpaka kiganja kikanuka chuma.

Nitasema na hili, nisije nikaonekana msafi. Niliyasoma. Mwezi wa kwanza baada ya gari lile kuondoka nilifungua sanduku kutafuta hati, nikaona kitambaa kimelegea. Mimi nasoma kwa kidole, neno moja moja, ukurasa mmoja ni kazi ya asubuhi. Nilitaka kuona tu ni nini kilichomfanya mama asimalize kumwangalia mwanawe. Nikaanza na ya kwanza. Yule mwanamume anatoka kwao, ndugu wamemfukuza, ameshika sufuria. Nikaacha kusoma kwanza. Ile sufuria ilikuwa yangu. Hakuandika nilichomwambia tu, aliandika namna inavyogonga gotini ukitembea, na hilo sikumwambia mimi. Sijamwambia mtu yeyote.

Mama yake akafa kwenye ukurasa ambao wino umetawanyika. Nikavua miwani. Bibi akauliza kuna nini, nikasema vumbi.

Daftari ya nne inaishia katikati. Mwanamume ameamua kurudi kwao baada ya miaka, amefika mto Ruhuhu, umejaa, mvushaji anamwambia asubiri kesho. Upande wa pili kuna mtu anampungia mkono, hajulikani ni nduguye anayemwita au nduguye anayemfukuza. "Akainua sufuria juu ya kichwa, akatia mguu." Basi. Kurasa zilizobaki ni nyeupe. Nilizifunua moja moja mpaka jalada.

Hasira niliyoipata hapo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyefungia kalamu. Yule mtu alibaki amesimama kwenye maji mwaka mzima kwa sababu yangu.

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, mashine imezimwa, benchi tupu, nasikia, "Shikamoo Babu." Nikainua kichwa. Mwalimu. Amekonda kidogo, kalamu iko kwenye nywele. Kiunoni amebeba mtoto mkubwa, amesukwa nywele, ananikodolea macho.

"Marahaba. Bosi huyo?"

"Ndiye. Tulikuja kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu jana. Basi la kurudi ni saa sita." Akampandisha mtoto kiunoni vizuri. "Babu, anatembea."

"Naona anabebwa."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya sanduku. "Bado uko vile vile."

"Ulisema mpaka atembee. Mteremshe nione."

Moyo wangu ulikuwa unamwomba amteremshe haraka. Lakini nivunje kiapo nikiwa nimebakiza hatua ya mwisho? Akamteremsha. Mtoto akakunja miguu, akang'ang'ania sketi ya mama yake, akapanda tena kama paka juu ya mti. Akamteremsha tena. Akakaa chini, akaanza kulia. Sauti ile ile.

"Nyumbani anakimbia, Babu. Anakimbia mpaka barabarani. Hapa amekuona wewe."

"Kwani mimi nina nini?"

"Una sura," akasema, nusu anacheka, nusu anataka kulia. "Nimejaribu kuandika kingine kule. Hakikubali. Kila nikianza, naona yule mtu amesimama mtoni. Nimekuja na harusi kama kisingizio. Usinirudishe mikono mitupu, tafadhali."

Nilisimama hapo, mzee mzima. Mtoto analia, mama ananiangalia, funguo inanichoma mfukoni. Sijui nilifikiri nini. Najua tu mkono ulikwenda kwenye swichi. Nikawasha mashine.

Haikuwa na punje. Mota ikanguruma, mkanda ukashika, nyundo zikazunguka kwenye hewa tupu na ule mlio mbaya wa chuma usio na cha kula. Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akasikiliza. Akashika mguu wa mizani, akainuka, akauachia. Hatua moja, ya pili, ya tatu, akapita pembeni ya mizani mpaka kwenye magunia yale yale ambayo Bibi hakuyaondoa, akajilaza kwa tumbo kama mtu aliyefika kwake.

Niliingia ndani, nikafungua sanduku, nikaleta madaftari manne ndani ya kile kitambaa. Mwalimu akayapokea kwa mikono miwili. Akaona kitambaa kimefungwa fundo la kiume, si lake.

"Umesoma?"

Nikapiga kelele kushinda mashine: "Alivuka?"

"Nani?"

"Unajua nani. Yule kule ng'ambo alikuwa anamwita au anamfukuza?"

Akaniangalia, unga wa zamani ukimshukia kutoka kwenye paa kwa mtikisiko. "Sijui, Babu," akasema. "Kweli tena. Mpaka niandike."

Akamtazama mtoto, mtoto amefumba macho. Akatazama mlango wa chumba cha pumba. Siku hizi kina mlango, niliuweka mwenyewe na komeo. Akavuta kiroba, safari hii akakiweka kati ya mtoto na mlango ule, akakaa, akatoa kalamu kwenye nywele. Kila baada ya mstari alinyoosha mguu, akagusa unyayo wa mtoto, akaendelea.

Saa sita ilipita. Honi ya basi la Tunduru kama ilipigwa huko stendi, hapa haikusikika. Bibi akatoka uani, mkono mmoja juu ya jicho, akaona benchi halina mtu, sakafu haina debe hata moja, na mashine inalia kwa nguvu zake zote.

"Baba weee!" akaita. "Unasaga nini huko?"

Nikatazama tangi la kumiminia mahindi. Tupu. Nikawatazama wale wawili.

Sikuzima.